Vikongwe Ndani ya Kompyuta ya Taher

Habari ilifika kijiweni Ipogolo kahawa haijachemka: karatasi za kura za uchaguzi wa soko hazijachapwa, kompyuta ya Taher, mchapaji wa duka linalopakana na kijiwe, imegoma! Mzee Jailos, anayeitwa Kudumu kwa kuwa ni mwenyekiti tangu soko lingali nyasi, alimung'unya kashata yake kwa raha zote. Bila karatasi hakuna kura, na bila kura nani atakigusa kiti chake?

"Taher, unazingua!" Dastan alifoka kwenye dirisha la duka. Wenzake humwita Breki, maana pikipiki yake haina. "Uchaguzi saa kumi, mshikaji!"

"Diski imejaa," Taher akajibu kutoka dukani. "Kila nikisasisha mfumo inaingia kerneli mpya, za zamani hazitoki. Ndo nazifuta."

"Kerneli ndo mdudu gani?"

"Ndo bosi wa kompyuta, bila yeye haiwaki. Anayefanya kazi ni mmoja. Wengine wamekaa tu, wamejaza nafasi."

Benedicta, muuza vitunguu anayegombea kiti cha Kudumu, alicheka mpaka kahawa ikammwagikia. "Jamani! Kumbe na humo mna kamati ya soko!"

"Zitoe zote kwa mpigo," Breki akasema.

"Haikubali. Ikitoka moja, zilizobaki zinapangwa upya, ndo ifuate nyingine."

"Kama tunavyomuaga mjumbe!" Benedicta akadakia. "Kila anayebaki lazima ahutubie."

"Nichomoe waya?" Breki akauliza.

"Thubutu!" Taher akang'aka. "Ukichomoa sasa haiwaki tena."

"Haraka haraka haina baraka," Kudumu akatia neno, roho yake kwatu. "Mwacheni fundi. Hata mwezi ujao si mbaya."

Saa tisa Taher akatoa kichwa. "Tayari. Nimebakiza moja tu ya zamani."

Kudumu akasimama, kifua mbele. "Mmesikia? Hata mashine inajua ya kale ni dhahabu!"

"Kweli, mzee. Mpya ikigoma kuwaka, hiyo ndo inatuokoa. Ila mpya ikiwaka, hiyo ya zamani inakaa kimya."

Printa ikaanza kunguruma. Kudumu akaketi tena.

Jioni ile Benedicta alishinda, na kwa heshima akamteua Kudumu kuwa mshauri. Kikao cha kwanza hakijafika hata ajenda ya choo, mshauri akanyoosha mkono.

"Ndugu wajumbe, enzi zetu sisi..."

"Kaa kwanza, baba," Benedicta akamwambia kwa upole. "Mpya bado inawaka."