Chupa Nyuma ya Paka wa Udongo

Jumanne, 3 Desemba

Leo nimedhalilishwa. Tena mbele ya watu. Tena kwa kimanda!

Nilikuwa nimeketi zangu kwenye kaunta ya Minomushi, izakaya yetu ya bia na mishikaki hapa mtaani Akabane, ninapopitia kila nikitoka kazini. Miaka kumi na moja sasa. Mlango ukafunguka, akaingia Tokushige, muuza meno ya bandia. Huyu ameanza kuja msimu wa mvua wa mwaka huu huu! Mama Hisayo, mwenye baa, akapaza sauti hadi glasi zikatetemeka: "Toku wangu! Umechelewa leo, nilishaanza kuingiwa na wasiwasi!" Akamkatia ncha ya kimanda. Ile ncha, jamani, iliyoungua kidogo, yenye utamu wote! Nilikuwa nimeikodolea macho tangu ikiwa kikaangoni.

Kisha akanigeukia mimi. Akauliza, "Mteja, nikuongezee bia?"

Mteja! Hajawahi kuniita kitu kingine. Nyumbani mke wangu ananiita baba Rina, na Rina mwenyewe ameolewa Fukuoka siku nyingi. Ofisini ni Naibu. Naibu njoo, Naibu saini hapa. Nina jina mimi! Mikuriya! Natamani mtu mmoja tu alitamke kwa furaha nikiingia mlangoni. Ni mengi hayo?

Jambo moja zuri leo: nimemwambia Bosi Anzai kwamba daktari amenikataza pombe kabisa, ini langu limekwisha. Kwa hiyo sherehe ya idara ya kufunga mwaka, Ijumaa ya wiki ijayo, siendi. Mwaka jana nilikaa ubavuni kwake usiku kucha nikimjazia glasi, maana glasi ya bosi haikai tupu, huku akinisimulia gofu shimo kwa shimo. Sirudii. Bosi alinipa pole, akanishika bega. Mtu mwepesi kudanganyika yule.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimepata dawa. Chupa!

Wateja wa kudumu hununua chupa nzima, huandika jina, chupa inakaa rafuni ikiwasubiri. Mimi siku zote nimekunywa glasi moja moja kama msafiri. Ndiyo maana! Leo nimenunua chupa kubwa ya pombe ya viazi vitamu, nikaomba kalamu ya wino mzito, nikaandika MIKURIYA kuanzia shingoni hadi kitakoni. Kipofu angelisoma lile jina.

Mama Hisayo alilitazama. Akanitazama mimi. Akatazama mlangoni. Akauliza kwa sauti ya chini kama kweli ndivyo ninavyotaka. Nikamwambia ndivyo hasa. Akainama kwa heshima, akaichukua chupa yangu, akaiweka nyuma ya paka.

Nyuma ya paka! Lile paka la udongo la kuita bahati, lenye mkono juu, kubwa kuliko mtoto wa chekechea. Chupa haionekani hata kizibo. Ya Tokushige iko mbele kabisa, imevishwa kitambaa shingoni.

Kisha akasema, asante sana, mteja.

Nilitafuna maharagwe ya soya na maganda yake kwa hasira.

Jumamosi, 7 Desemba

Leo nilikwenda na zawadi. Matunda ya persimoni yaliyokaushwa, yametoka kwa dada yangu aliyeko Yamagata, kila moja limevikwa karatasi yake. Nilitamka wazi, kwa kituo, kwamba hii ni zawadi kutoka kwa ukoo wa MIKURIYA. Nikarudia. Wa Mikuriya.

Mama Hisayo alifurahi kweli, hilo nalikubali. Akaionjesha kaunta nzima. "Jamani onjeni, mteja katuletea!" Tokushige akala matatu peke yake, akalamba vidole, akaniambia, "Mzee, dada yako ana mkono mtamu." Mzee! Tumepishana miaka minne!

Hata Goroku, mume wa Mama Hisayo, anayechoma mishikaki ya kuku na kuzungumza mara moja kwa mwaka, alitikisa kichwa kusifu. Kumsifu nani? Mteja.

Nimefika nyumbani nimevimba. Mke wangu akauliza baba Rina ana nini. Nikaenda kulala.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimesusa. Acha wanikose, ndipo watanijua.

Nimekwenda baa ya ng'ambo ya barabara, nikakaa dirishani nione Mama Hisayo atakavyohangaika. Chakula cha huko ni aibu. Figili za kwenye mchuzi zilikuwa baridi katikati, na bia ilikuwa povu tupu. Nilivumilia kishujaa.

Akatoka kurekebisha pazia la mlangoni. Akaniona! Nikajifanya nasoma menyu. Nikasubiri aniite, anipungie mkono, alie kidogo. Akainama vizuri, tena kwa adabu zote, akarudi ndani. Basi! Dakika hiyo hiyo nikasikia kicheko cha Tokushige kikivuka barabara.

Nimelipia figili baridi. Tumbo linauma hadi sasa.

Jumatano, 11 Desemba

Nimelipuka!

Niliingia, akanikaribisha mteja, nikashindwa kujizuia. Nikapiga kaunta. Nikamuuliza nimemkosea nini. Miaka kumi na moja! Chupa yangu nyuma ya paka! Wa meno ya bandia anaitwa "Toku wangu", na mimi naitwa kama mtu aliyeingia kuomba choo!

Baa nzima ikanigeukia.

Mama Hisayo akaweka kisu chini. Akasema, "Lakini mteja, si wewe mwenyewe?" Ati usiku wangu wa kwanza hapa nilimshika mkono wa kimono, nikamsihi asitamke jina langu kamwe, maana watu wa ofisini kwetu hupita mtaa huu, na wakijua nakunywa hapa nimekwisha. Naye aliniahidi. Tangu siku hiyo hajaliruhusu jina langu litoke kinywani mwa mtu yeyote. Tokushige aliwahi kuliuliza, akapigwa kibao cha mkono. Na chupa ile nilipoileta ilimkosesha usingizi, hajui aifiche wapi, hadi alipomkumbuka paka.

Lo! Nani alimtuma akumbuke vitu kama hivyo? Mtu anasema neno moja akiwa na bia tatu kichwani, mwenzake analitunza miaka kumi na moja! Huko ni kuniumbua tu.

Nikamwambia basi, kuanzia leo nimefuta. Aliite jina langu. Kwa sauti! Na chupa ikae mbele. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema hakika kabisa, mimi si mtu wa kujificha.

Akavuta pumzi. "Bwana Mikuriyaaa! Karibu sana!"

Kaunta nzima ikaitikia. Goroku akainua koleo lake la makaa. Tokushige akanijazia glasi, akasema jina zuri, lina uzito. Nikafuta macho. Nikasingizia moshi wa mishikaki. Paka amesogezwa pembeni. Na ncha ya kimanda nikala mimi.

Siku bora ya maisha yangu, ukiondoa ya harusi. Hapana, usiondoe.

Ijumaa, 13 Desemba

Sitaki kuandika. Ninaandika.

Jioni niliaga ofisini nikiwa nimeshika ini. Wenzangu wakanipa pole, wao wakaenda zao kwenye sherehe, hoteli ya maana kule Ikebukuro. Mimi nikazunguka kidogo madukani, kisha mbio Minomushi.

Ningetazama chini, ningepona. Pale mlangoni, kwenye rafu ya viatu ya chumba cha nyuma, kulikuwa na jozi kumi na moja. Mojawapo ina vishada vya ngozi. Katika Japani nzima ni mtu mmoja anayevaa viatu vyenye vishada vile.

Lakini nilikuwa nimeshafungua mlango.

"BWANA MIKURIYAAA!" Mama Hisayo, kwa kifua chote. "Karibu nyumbani! Chupa yako inakungoja!" Na kaunta nzima, maana nilikuwa nimewafundisha mwenyewe: "Bwana Mikuriyaaa!"

Pazia la chumba cha nyuma likafunguka. Kichwa cha Bosi Anzai kikachomoza. Kijana wetu wa kupanga sherehe, bwege yule, alisahau kuithibitisha nafasi ya hoteli, wakafukuzwa mlangoni, wakaangukia hapa. Mtaa una baa zisizohesabika, wakaangukia hapa!

Bosi hakupaza sauti. Alinitazama, akaitazama chupa, akasoma kuanzia shingoni hadi kitakoni. Akauliza ini linaendeleaje. Kisha akapigapiga mto wa kukalia ulio ubavuni kwake, akasema, "Njoo Naibu, kaa hapa. Leta na dawa yako."

Nimemjazia glasi jioni nzima. Kutoka chupa yangu! Imeisha. Nimesikia gofu ya mwaka jana na ya mwaka huu, shimo kwa shimo, na kabla ya kuondoka amesema mwakani, na mwaka unaofuata, nafasi ile ni yangu. Tokushige alikuwa akichungulia kwenye upenyo wa pazia, anakula ncha ya kimanda taratibu.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimekwenda mapema, kabla watu hawajajaa. Nikamshika Mama Hisayo mkono wa kimono. Nikamwambia asilitamke tena jina langu maishani mwake, wala mtu yeyote asilitamke, na chupa mpya iende nyuma ya paka. Akainama. Akasema amenielewa. Akamrudisha paka mahali pake.

Nikakaa kwenye kaunta. Nikavua koti. Nikasubiri.

Akaniletea bia. Na unajua alisemaje?

"Karibu, mteja."

Mteja! Mbele ya Tokushige! Baada ya miaka kumi na moja, baada ya persimoni za dada yangu, baada ya yote niliyopitia kwenye baa yake! Mtu hana shukrani hata chembe!

Haya. Kesho nanunua chupa kubwa kuliko paka.