Sakafu ya Marehemu Mjomba

Jumatatu, 9 Machi
Mgeni hata wa dawa hakuna. Mlinzi, mwongozaji na mkurugenzi wa makumbusho haya ni mimi peke yangu, na sote watatu tumeshinda tukipiga miayo. Nyumba ilikuwa ya marehemu mjomba, mchoraji. Wageni wakija, nikihutubia wanatazama chini. Kisha hao, kwa mkaza mjomba, mjane wake, anayeishi chumba cha nyuma. Huko wanacheka! Wivu? Mimi? Thubutu!

Jumanne, 10 Machi
Afisa wa manispaa anakuja keshokutwa. Akiridhika, tunabaki. Asiporidhika, nyumba inageuzwa ghala, na mkaza mjomba akatafute pa kulala. Nimekagua chumba cha kuchorea. Aibu gani hii! Sakafu yote madoa ya rangi. Kumbe ndiyo maana wageni hutazama chini. Mjomba alijua kuchora, lakini usafi sifuri.

Jumatano, 11 Machi
Mkaza mjomba kaenda kupimwa macho. Nikajifungia. Tapentaini, msasa, brashi ya waya. Mgongo wangu jamani! Karibu na dirisha palikuwa na alama mbili za nyayo, rangi imezizunguka. Nazo nimezimaliza. Kisha nta nyekundu. Naona hadi kidevu changu.

Alhamisi, 12 Machi
Afisa kateleza mlangoni, puu! Akauliza sakafu iko wapi. Nikamwambia ndiyo hiyo ameikalia. Akasema picha kaziona vitabuni, alichofuata ni sakafu. Mkaza mjomba kaenda dirishani, kainama, kapapasa. Akaniuliza taratibu nyayo za mumewe nimezipeleka wapi. Kumbe kila asubuhi husimama mle, miguu yake ndani ya ile ya mjomba. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamjibu kwamba nta ile ni ya bei. Lo, mdomo huu!

Ijumaa, 13 Machi
Afisa karudi anachechemea. Kasema limebaki tumaini moja: mlango wa chumba kile, ambao mjomba alifutia brashi zake maisha yake yote. Jumatatu analeta wakubwa zake wauone. Mkaza mjomba kanishika mikono yote miwili, kaniomba nisiguse kitu, mwanangu, chonde. Nimeapa. Tumelia wote.

Jumapili, 15 Machi
Nimeutazama ule mlango vizuri. Masikini! Watu wazima, wakubwa wa manispaa, waukute hivi? Kiapo nakiheshimu, sitaugusa. Brashi ndiyo itakayougusa. Nyeupe kidogo tu, hapo katikati.