Kigari cha Kumrudisha Mke Wangu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mke wangu kaondoka. Mkono mmoja begi, mkono mwingine kamshika mama yake, hata hakugeuka. Kisa? Lango! Lango langu linalojifunga lenyewe, ambalo kwingine ningepigiwa makofi kwa kulibuni. Limembana mama mkwe nyonga alipokuwa anaingia. Nilishawaambia watu wote waingie upesi. Yeye anatembea kama bi harusi. Kosa la lango liko wapi?

Jioni dada yangu kaja na ujumbe wa wifi yake. Si lango peke yake. Ni cherehani. Lile gurudumu kubwa la chini, linalozungushwa na pedali, ndilo nililolifunga kwenye lango, na mke wangu ana sare za wanafunzi hajamaliza. Cherehani ikirudi kama ilivyokuwa, naye atarudi. Isiporudi, amepata chumba sokoni kwa mafundi wenzake. Atashona huko, atalala kwa mama yake, na ndoa basi. Dada kaniambia nisifanye kiherehere, nirudishe gurudumu tu.

Gurudumu! Mke harudishwi na gurudumu, hurudishwa na kumbukumbu. Nami ninayo. Utotoni nilimpakia kwenye kigari changu cha ubao, tukashuka mteremko wa mtaa wao, upepo masikioni, yeye anapiga kelele za furaha. Siku ile ndipo aliponipenda. Nitakiunda tena. Nitapita mbele ya baraza ya mama yake, aone, moyo ulainike.

Nimekula mkate mkavu nimesimama. Nyumba kimya mno.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Fundi makenika kanipa beringi nne kuukuu za magurudumu. Kauliza ni za mashine gani. Nikamwambia kigari cha kupanda mwenyewe. Kaziangalia mvi zangu, kisha akanikabidhi bila swali la pili. Nadhani ni heshima.

Enzi zile marehemu kaka ndiye aliyeshika msumeno, mimi nikashika wazo. Beringi tuliokota nyuma ya gereji, usukani ulikuwa kamba, breki ilikuwa kandambili iliyopigiliwa misumari. Kaka hakuwa na maneno mengi. Akimaliza kupigilia, anakalia ubao yeye kwanza, anashuka peke yake, aone kama ni salama. Nilikuwa nanuna, naona ananidhulumu zamu. Leo nimeshika nyundo yake. Mpini umelika pale alipokuwa anaweka kidole gumba. Nikakaa chini kidogo. Hakuna tena mtu wa kunishikia ubao upande wa pili.

Ubao wa kukalia ukakosekana. Nimetafuta nyumba nzima. Uliofaa ni wa meza ya cherehani tu. Mpana, laini, kipimo sawasawa. Nitaurudisha.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Bora ningevunjika shingo.

Nimeanzia juu kabisa ya mteremko. Kigari kimetoka vizuri, beringi zinalia kama zamani, watu wanasogea pembeni. Nikaona baraza. Nikamwona mke wangu. Nikamwona na Spoku! Spoku ni fundi baiskeli, mrefu, mwembamba, mshindani wangu tangu utotoni, kwa sababu kigari chake kilikuwa na honi. Kamletea mke wangu cherehani ya marehemu mama yake, eti aazime amalizie sare. Kaketi, miguu kainyoosha, glasi ya maji mkononi kama mkwe mpya. Hasira zikanipanda. Nikakanyaga breki nisimame mbele yao kwa madaha. Kandambili za siku hizi! Ikachomoka yote ikabaki barabarani, mimi nikaendelea mpaka mtaroni.

Aliyenitoa ni Spoku. Kwa mkono mmoja. Glasi hakuiweka chini.

Nikiwa nachuruzika maji machafu, nikamwuliza mke wangu kama anaikumbuka siku ile. Kasema anaikumbuka sana. Kwamba hakutaka kupanda, nilimkalisha tu. Kwamba zile kelele hazikuwa za furaha. Kwamba tuligonga jiwe akapasuka kidevu, na aliyembeba mgongoni hadi kwao ni kaka yangu, maana mimi nilibaki nyuma natafuta beringi iliyochomoka. Akainua kidevu nione kovu. Kumbe! Miaka yote ya ndoa nilidhani kazaliwa nalo. Mama mkwe naye, kutoka ndani, akatupa yake: mwenye kovu usidhani kapoa.

Nilitaka kuuliza kama ile beringi ilipatikana. Hata mimi nikaona si wakati wake.

Kisha mke wangu akasema polepole kwamba hajawahi kunikataza kuunda vitu vyangu. Anachotaka ni kuulizwa kwanza. Nimerudi nyumbani kwa miguu, kigari nakivuta kwa kamba.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Sina hamu ya chakula. Nimelivunja lango kwa mikono yangu. Gurudumu nimelitoa, nimelisafisha, nimelirudisha mahali pake. Ubao wa meza umepata ufa mtaroni, nimeupaka gundi na kuubana. Mafuta kidogo, mkanda mpya. Kisha nikachukua kitambaa, nikakanyaga pedali. Tiki-tiki-tiki. Ile sauti! Ndiyo iliyokuwa ikijaza nyumba hii mchana kutwa, nami nilikuwa nailalamikia. Nimelia juu ya cherehani kama mtoto.

Nimempa dada kile kitambaa, mshono umenyooka, ampelekee wifi yake. Jibu limekuja kabla jua halijazama. Anakuja Jumapili, na begi lake. Dada kanishika sikio, mtu mzima mimi, kaniapisha nisiiguse tena.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Sikuigusa asubuhi nzima. Nimefagia, nimefua mapazia. Kisha kapita Spoku, eti ananijulia hali baada ya ule mtaro. Kaitazama cherehani. Kasema imetulia, ila pedali yake nzito, ile ya marehemu mama yake ni nyepesi kama unyoya. Akaondoka zake.

Nyepesi! Kwa hiyo mke wangu ameshazoea wepesi kwa siku mbili hizi. Atakanyaga hii, goti litamuuma, atamkumbuka nani? Spoku! Haiwezekani. Na feni ya chumbani imelala bure, mota yake nzima. Kitu kidogo tu. Mkanda, swichi, waya. Hata si kuigusa cherehani yenyewe, ni kuisaidia. Nimeijaribu. Inakimbia kuliko kigari!

Jumapili, tarehe 10 Machi

Kaja. Kavaa lile gauni la kijani. Begi kaliweka mlangoni, kazunguka nyumba, kaona mapazia, karibu atabasamu. Kaketi kwenye cherehani. Katoa shati la mwisho la sare, lililobaki kola tu, la mteja anayelisubiri leo. Kaweka mguu kwenye pedali. Nikasema asijichoshe. Nikabonyeza swichi.

Cherehani ikameza kola. Ikameza mkono wa shati. Ikaanza kula futi yake ya kupimia, sindano ikakatika, na ule ufa wa ubao ukafunguka mpaka mwisho. Nikachomoa waya. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kusema. Kaniuliza tu, kwa sauti ya chini, ni lini aliniomba mota. Nikamweleza habari ya goti. Kasema goti halijamuuma tangu ahamie kwa mama yake.

Kesho anahamishia kazi sokoni. Kasema kwaheri na jina langu la utotoni, ambalo hajaniita tangu tuoane. Hapo ndipo nilipojua kuwa ameondoka kweli. Nimesimama palipokuwa na lango, machozi yananitoka, namtazama anapanda mteremko. Kila hatua chache anasimama, anahamisha begi mkono huu kwenda ule. Begi limemlemea. Limemlemea sana, maskini.

Beringi mbili zinatosha. Ubao mwembamba chini, kamba ya kuvutia. Kesho akiwa sokoni nitapitia dirishani kwa mama mkwe nikalichukue begi lake. Hana haja ya kujua mpaka liwe tayari.