Beseni la Mababu

Tapeli aliyeitwa Daktari, ingawa hata dawa ya mafua hakuwahi kuuza, aliliona tangazo kwa kinyozi, kichwa chake kikiwa kimenyolewa upande mmoja. Wakfu wa familia moja tajiri ulikuwa unawatafuta watu wanaohifadhi utamaduni, elimu na sayansi ya mkoa, uwafadhili.

"Utamaduni," akamwambia kinyozi. "Ndio kitu pekee ambacho sijawahi kuuza."

"Tulia, Daktari, nitakukata sikio."

Angetuliaje? Shemeji yake, aliyechoka kumkuta akikoroma kwenye kochi lake, alikuwa amempa mpaka Jumamosi ahame.

Basi dada yake alipotoka, Daktari akalichukua beseni la dada huyo, la bati, la kufulia. Akalitoboa, akalipaka masizi, akalifunga nyaya za breki za baiskeli. Alipokwaruza, paka wa jirani akahama mtaa.

"Safi," akajisifu. "Linasikika la kale kabisa."

Wakfu uliongozwa na mjane wa tajiri mwenyewe. Alimpokea kwenye chumba kilichojaa vinyago, vitabu na darubini.

"Mama yangu, hii ni ala ya mababu. Duniani nimebaki mimi peke yangu ninayeipiga." Hapo, kusema kweli, hakudanganya.

Akafumba macho, akapiga. Chozi likamtoka, maana waya ulimkata kidole. Mjane akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika.

"Kujifunza huchukua muda gani?"

"Mwaka mzima, mama. Kwa mwenye kipaji."

Mjane akalipindua beseni, akalisugua kwa kitambaa. Masizi yakatoka. Ua jekundu likachungulia.

"Mwanangu, unajua marehemu mume wangu alitajirika kwa nini?"

"Kwa... baraka?"

"Kwa mabeseni. Maua haya nilimchorea mimi."

Daktari akautazama mlango. Mlinzi alikuwa ameuziba wote. Mji mzima una ndoo, madebe na masufuria, akajiambia, na wewe bwege ukachagua beseni!

"Nisamehe, mama. Hata utapeli wenyewe siuwezi."

"Naona. Lakini maneno unayaweza, na tangu msiba sijacheka kama leo. Chagua: polisi au darasa. Watoto watatengeneza ala kwa mabeseni mabovu, wewe utawafundisha. Chumba cha kulala kipo uani."

"Mwaka mzima?"

"Huo ni wa mwenye kipaji. Wewe fanya miwili."

Jumamosi shemeji mtu alimbebea mkoba kwa mikono yake, mbio mbio, asije akabadili mawazo.

Jumatatu asubuhi Daktari akasimama mbele ya watoto, kila mmoja amekumbatia beseni lake. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na kazi.

"Mwalimu," akauliza binti wa mbele, "mababu walikuwa wanaanzaje?"

Daktari akakohoa. Akatazama dari.

"Walikuwa wanaanza," ikajibu sauti ya dada yake kutoka mlangoni, "kwa kuiba beseni la dada yao."

Watoto wakaandika.