Chawa Wawili wa Wattie Duguid

Njooni, enyi mliokaa penye joto na msiojua thamani yake! Wekeni vikombe chini, zimeni simu zenu, niwasimulie vita vikuu vilivyopiganwa siku ulipofunguliwa msimu wa kuvua samaki aina ya samoni katika mto Lunnan, mwezi wa Februari, wakati ambapo Uskoti hujidai imeingia majira ya kuchipua na hakuna mtu anayeiamini. Mashujaa wengine wamepigania enzi na miji yenye kuta. Shujaa wetu alipigania kiti. Nami nilikuwako, kwa maana ndimi mwenye birika katika kibanda cha wavuvi, cheo nilichopewa mwaka niliohamia huku, na hadi leo hakuna aliyekitamani.

Kiti hicho kilisimama kando ya jiko la kuni. Sheria ya kibanda, iliyo kongwe kuliko kibanda chenyewe, yanena hivi: atakayempata samoni wa kwanza aliye mbichi, yaani aliyeingia mtoni karibuni kutoka baharini, ndiye atakayekikalia mwaka mzima, na wengine wote watabanana kwenye benchi la mlangoni, unakopita upepo. Miaka tisa mfululizo kilikaliwa na Una Farquhar, Malkia wa Posta, mstaafu asiyestaafu ubabe, ambaye mshipi wake hutua majini bila maji kujua. Na miaka hiyohiyo tisa pembe ya benchi ilikaliwa na shemeji yake, Wattie Duguid, seremala wa kale, Wattie mwenye magoti mabovu, Wattie mnasa matawi, ambaye mto haukumpa ila samaki wadogo aina ya trauti wa kumfariji. Baridi ya mlango ule aliizoea. Asichokizoea ni sauti ya Una kila Jumamosi:

"Shemeji, hebu sogea kidogo uzibe upenyo. Joto langu linatoka."

Siku hiyo ya ufunguzi kulipopambazuka tukasimama ukingoni, mashujaa sita waliovaa sufu hadi puani, na Una akamimina wiski mtoni, kwa kuwa huku mto hunywa kwanza, ndipo watu wanywe. Hapo Wattie akapiga hatua mbele, akavua kofia, akanena.

"Ewe Lunnan, mama wa baridi! Miaka tisa nimekuheshimu, na miaka tisa umenifanya kichekesho. Leo nina chambo cha manyoya nilichokifunga kwa mikono yangu, cha manjano na chekundu. Leo ama nipate, ama..."

"Wattie, fupisha," akasema Una. "Mto una safari."

Saa nne ya asubuhi ukasikika ukelele uliowarusha kunguru mitini. "Nimempataaa!" Tukakimbia sote, mikate ya soseji ingali midomoni, tukamkuta shujaa amepiga goti majini, amemshika samoni wa urefu wa mkono. Una akainama, akatazama.

"Shemeji, mbona tumbo limebaki ngozi tupu? Huyu ni mzazi. Ametaga tangu Novemba, anarudi zake baharini kupumzika, na wewe unamsumbua njiani."

"Mpe na uji basi!" akapiga kelele Erchie Tocher, mlinzi wa mto, na vicheko vikavuka hadi ng'ambo. Wattie akamwachia mama wa watu, mashavu yake yamewiva kuliko chambo chake.

Saa sita akapiga ukelele wa pili, tukakimbia tena, tukakuta amenasa gogo. Ndipo baraza likaketi kibandani juu ya supu ya shayiri, kura zikapigwa, ikapitishwa kwa sauti moja kwamba Wattie akilia tena, hakuna mtu kuinuka.

Naye shujaa akabaki mtoni peke yake, maji yamefika kiunoni, akirusha na kurudisha, akirusha na kurudisha, hata vidole vikasahau ni vya nani. Jua likaanza kuinama nyuma ya misonobari. Mara mshipi ukakazika, ufito ukapinda, na kutoka kilindini akapanda shetani wa fedha aliyekwenda chini ya daraja, akarudi, akaruka, akamtazama Wattie usoni, akaenda tena. Nusu saa wakavutana wawili hao. Kofia ikaenda na maji. Goti la kushoto likajisalimisha, la kulia likafuata, na wavu ulipomzunguka adui, mshindi alikuwa amezama hadi kwapani.

Kumbukeni sasa sheria ya pili, hii ya serikali: samoni wa miezi hii hurudishwa mtoni akiwa hai, wala asitolewe majini. Basi samaki haendi kwa shahidi, shahidi huja kwa samaki.

"Nimempata! Jamani! Safari hii kweli!"

Kibandani tuliisikia sauti yake. "Gogo lingine hilo," akasema Erchie, akachovya mkate.

Una akasimama. "Nimesahau chupa yangu ya chai darajani," akasema, na chupa ilikuwa mezani mbele yake. Akatoka. Nikamfuata na birika langu, ingawa ushahidi wangu haupokelewi, maana mchemsha chai hahesabiwi kuwa mvuvi.

"Una! Fanya haraka, sehemu zangu sizisikii tena!"

"Sehemu zipi?"

"Zote!"

"Umemtoa majini?"

"Hata pezi!"

Una akavaa miwani. "Anang'aa," akasema. "Ila wazazi wengine nao hung'aa."

"Angalia karibu na mkia. Chawa, Una. Angalia kama ana chawa."

Maana samoni atokaye baharini huja na chawa wake, na maji ya mto huwaangusha baada ya siku chache tu. Chawa wenye mikia mirefu huipoteza mikia yao hata kabla ya siku mbili. Asiye na chawa hana ushahidi. Una akainama hata pua ikagusa maji, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akainua kichwa, akautazama moshi wa jiko uliokuwa ukipanda kutoka kibandani. Miaka tisa ya joto ilikuwa katika moshi ule, na hapakuwa na jicho lingine la kumpinga. Niliogopa, siwafichi.

"Ukisema siye, namwachia," akasema Wattie polepole, meno yakigongana. "Sitakuuliza mara mbili."

"Mwachie," akasema Una.

Wattie akafungua mikono, na ushindi wake wote ukapiga mkia, ukaenda zake. Tukarudi kibandani. Kila hatua suruali ya mpira ya Wattie ilitema maji, naye akaenda moja kwa moja kwenye pembe yake ya benchi. Una akasimama katikati ya kibanda.

"Chawa," akatangaza. "Wawili. Na mikia yao wanayo."

Kijiko cha Erchie kikaanguka ndani ya supu. Kisha paa likataka kuruka kwa vifijo, wiski ikamwagwa na kunywewa, na Wattie Duguid akabebwa juujuu, akitiririka maji, akawekwa juu ya kiti cha enzi.

Ndipo ilipomfunukia siri ya ufalme. Mguu mmoja wa kiti ulikuwa mfupi, kikayumba. Msumari ukamsalimu pajani. Jiko likamkaanga sikio la kushoto na la kulia likabaki na Februari yake. Seremala akamtazama shemeji yake, naye Una, aliyebanwa pale mlangoni, akamtazama kwa uso wa mtu aliyemaliza kifungo cha miaka tisa.

"Kinakaa vizuri, shemeji?"

Wattie akayumba, akajishika. Angeweza kukitengeneza kwa dakika tano. Lakini Malkia hakuwahi kulalamika hata siku moja, naye angewezaje?

"Kama nilipimiwa," akajibu.

Basi andikeni, enyi wenye kalamu, kwamba siku hiyo utawala ulibadilika katika bonde la Lunnan, bila damu na bila samaki wa kuonyesha. Nami nilishuhudia neno la kwanza la mtawala mpya, alilolinena huku amekaza meno na machozi ya furaha yakimtoka:

"Una, hebu sogea kidogo uzibe upenyo. Joto langu linatoka."

Una akasogea.