Antena Yangu Haikukosea

Jumamosi, 5 Julai

Nina miaka sabini na nane. Nimeishi zaidi ya dola moja kubwa lililoapa kudumu milele, wenyeviti watatu wa shamba la ushirika, farasi kumi na tisa, na meno yangu yote isipokuwa manne. Tangu Septemba nimeishi zaidi ya mke wangu Burulkan pia. Hilo sikulipanga.

Naandika kwa penseli. Shule niliishia darasa la nne. Mwalimu alisema hana zaidi la kunifundisha.

Leo nimesimamisha antena! Mwanangu Tilek aliacha ndege yake ndogo ya povu gumu, ile ya kuongozwa kwa rimoti, alipokwenda Urusi kujenga maghorofa. Ina kamera puani. Unavaa miwani mizito kama tandiko, unaona inachoona ndege. Antena yenyewe ni kibao bapa mfano wa sinia, juu ya kisanduku chenye mota mbili. Ndege ikienda, kibao kinageuka kuifuata. Kisipogeuka, picha inakatika. Kabla ya kurusha unabonyeza kitufe cheupe: unakiambia kisanduku, na ndege nayo, kwamba hapa ndipo nyumbani.

Zuurakan, mke wa Tilek, amenisomea maelekezo kwenye simu mara tatu. Nilielewa mara ya kwanza. Nilimwacha asome ili ajifunze yeye.

Nikabonyeza. Nikarusha. Nikaona kondoo wangu mia mbili kutoka juu, kama mchele uliomwagika! Nikamwona na Jibek, farasi jike wa marehemu, na mtoto wake wa miezi miwili, mwenye baka jeupe kwenye paji. Huyo mtoto Burulkan hakuwahi kumwona.

Magoti yangu yamekufa, lakini sasa nina macho angani. Jirani yangu Esengeldi ana darubini tu ya jeshi. Maskini.

Jumanne, 8 Julai

Tumehamia malisho ya juu. Nusu siku kwa farasi, mgongo mmoja wa mlima katikati.

Hema letu alilivunja Burulkan kwa mikono yake majira hamsini. Safari hii nimelivunja mimi. Sufu inayolifunika ikiondolewa, chini kunabaki duara la nyasi za njano. Upande wa kulia, upande wa wanawake, palikuwa na kiriba chake cha maziwa ya farasi. Nimepanda farasi. Shingo sikuigeuza. Baba yangu alikuwa akisema: ukishahama, usirudi kuyatazama majivu yako.

Njiani Jibek na mtoto wametoroka! Esengeldi amesema wamechoka kunisikiliza nikijisifu. Mtu wa hovyo.

Mlimani kuna mbwa mwitu. Farasi mmoja na mtoto, bila kundi, hawamalizi wiki. Zuurakan amesema, Baba, wamerudi kule chini tulikotoka, acha niwafuate kesho. Nimemwambia Jibek yuko juu, pembeni mwa barafu ya kilele, anatafuta majani mabichi. Mimi nawajua farasi miaka sabini. Yeye kawajua tangu harusi.

Amejibu, "Sawa, Baba." Ile sawa yake isiyo na sawa ndani.

Alhamisi, 10 Julai

Jana upepo. Leo shwari. Antena nimeifunga kwenye mti mrefu tunaotumia kuinulia taji la hema, lile duara la mbao la kileleni. Wazo langu mwenyewe.

Zuurakan alipanda kilimani penye mtandao, akarudi na neno la Tilek: mmehama, bonyeza tena kitufe, kibao kijue kilipo. Nikasema mwenye nyumbani kuwili ni mbwa. Nilishakiambia kisanduku mara moja. Mtu mzima haambii kitu mara mbili.

Nikarusha kuelekea barafuni. Ndege ikapaa vizuri sana! Kibao kikaguna, kikaipa barafu kisogo, kikaganda kulitazama hema la Esengeldi. Huko mkewe Ayimkan alikuwa anaosha nywele. Akatoka na upawa mkononi. Akauliza kama sina haya: mke hajatimiza mwaka kaburini, na mimi nishatuma mtambo kumchungulia mke wa mtu? Nikamwambia asijisifie, mtambo unatafuta farasi jike. Hilo halikusaidia.

Huku nikitetea heshima yangu, picha ikawa chenga. Kisha giza. Ndege imepotea!

Kosa ni la mlingoti. Mfupi.

Zuurakan anasema Tilek aliandika jambo jingine: ndege ikipoteza antena, hujirudisha yenyewe pale kitufe kilipobonyezwa. Kwa hiyo iko kule chini, Baba, twende. Nikasema ndege ya povu si njiwa.

Ijumaa, 11 Julai

Nimerefusha mlingoti kwa mpini wa koleo. Nimeshinda na miwani usoni tangu chai ya asubuhi. Chenga. Saa tisa nikaona kitu kinatembea! Alikuwa nzi, ndani ya kioo.

Esengeldi amepita, akauliza kama Moscow naiona. Nikamjibu naona pembe za mjinga mmoja zinanipita.

Zuurakan ametandika farasi mara mbili aende kule chini. Mara mbili nimemtandua. Nani atakamua? Nani atakanda unga? Na juu ya hayo, mimi ndiye mkubwa hapa, na nimesema wako barafuni.

Mara ya pili akasimama mbele yangu, akasema, Baba, unaloogopa kulikuta kule si farasi.

Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nimevaa miwani.

Jumapili, 13 Julai

Esengeldi aliondoka alfajiri bila kuniuliza. Amerudi jioni. Anamvuta Jibek kwa kamba. Ndege imefungwa nyuma ya tandiko, bawa limevunjika.

Mtoto hayupo.

Hakushuka kwenye farasi. Hakutania. Hapo nikajua. Ameniita kaka mkubwa, neno ambalo hajaniita tangu tukiwa vijana. Amesema aliwakuta kwenye duara letu la nyasi za njano. Jibek kasimama katikati, kichwa chini, hataki kuondoka. Mbwa mwitu walikuja usiku wa jana. Damu ilikuwa haijakauka. Akasema mtu angefika Ijumaa... Akameza yaliyobaki, akaomba chai.

Zuurakan akamimina chai. Angenitukana ningeshukuru.

Jumatatu, 14 Julai

Kumbe ndege huhifadhi tumboni ilichokiona. Zuurakan amenichomekea waya kwenye miwani, akatoka nje.

Nimeitazama. Inapaa, inauona mgongo wa mlima, halafu inageuka yenyewe. Hakuna mtu anayeishika. Inavuka. Inazunguka duara letu mara tatu, inashuka, inalala ubavu. Dunia nzima imelala ubavu. Zinakuja kwato za Jibek. Kisha pua ndogo, inakua, inajaza miwani yote. Inanusa. Inalamba kioo. Baka jeupe lile.

Alhamisi mchana hiyo. Mzima.

Halafu mtoto anajilaza upande wa kulia, pale pale kilipokuwa kiriba. Nilidhani sitaweza kupatazama. Nimepatazama. Betri inaisha yeye akiwa amelala.

Mara kumi na moja nimeitazama.

Nje Jibek analia. Maziwa yanamdondoka yenyewe. Zuurakan anamkamua taratibu apunguze maumivu, na anamsemesha kwa sauti ambayo haitumii kwangu. Nimeinuka nikawasaidie. Nimefika mlangoni. Nimerudi kwenye miwani.

Jumatano, 16 Julai

Tilek amepiga simu. Nimepanda kilimani kwa magoti haya haya. Alishaambiwa yote. Nasikia mashine za ujenzi nyuma yake. Mwishowe akaniomba, kwa upole, kama mtu anayemwomba mtoto aachie kisu: Baba, nakusihi, bonyeza kitufe hapo mlipo sasa.

Nikamwambia bawa nimeliunga kwa gundi na limekuwa bora kuliko lilivyotoka dukani. Nikamwambia ndege iliwapata, au haikuwapata? Iliwapata siku ile ile! Antena yangu haikukosea. Ilichokosa ni kimo. Kesho naunganisha mti wa tatu, kibao kiweze kuona ng'ambo ya mlima hadi kule chini.

Kitufe sitakigusa. Nani kasema nyumbani ni huku? Ndege ilijua. Jibek alijua. Kilichobaki ni suala la mlingoti.

Haya yote ni kweli tupu. Asiyeniamini amuulize Esengeldi, ijapo atatia chumvi. Amuulize Ayimkan, ijapo atasema nilikuwa namchungulia. Shahidi mkubwa ni Zuurakan, aliyeyaona mwanzo hadi mwisho. Ila yeye msimwulize kwa sasa. Mwacheni kwanza.