Mashine ya Kazi Nne

Jumanne, 4 Juni

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote: nimeandika riwaya. Nzima, kurasa ishirini! Ina mwanzo, katikati, mwisho na mazishi mawili. Nimeiandika kwa mkono, na karatasi zote nimezificha nyuma ya cherehani mbovu ya mama.

Kuna shindano la vijana. Mwisho ni Jumapili, saa kumi jioni. Iliyoandikwa kwa mkono haipokelewi, lazima ichapwe. Shuleni chumba cha kompyuta kimefungwa kwa sababu ya mitihani ya wakubwa. Nikikosa safari hii, mwakani nitakuwa nimepita umri. Basi tena.

Lakini bahati! Mama ameamua kununua kompyuta ya mezani. Anashona sare za shule hapa sebuleni na oda zimemchanganya. Wiki iliyopita alimshonea mvulana sketi. Dada anaitaka kwa video zake. Bibi anataka kumwona mjomba, aliyehamia mbali, kwenye kioo kikubwa. Anasema kwenye simu mwanawe anaonekana kama amefungiwa ndani ya kiberiti.

Tatizo ni zamu. Mimi ni kitindamimba. Kwenye zamu yoyote hapa nyumbani, mimi huambulia makombo.

Nimefikiri sana. Jibu nimelipata. Tununue mashine inayoweza kufanya kazi zote nne kwa wakati mmoja. Hakuna atakayemsubiri mwenzake! Nashangaa watu hawajaligundua hili.

Jumatano, 5 Juni

Nimemshawishi mama. Yeye alitaka ya bei poa kabisa, ya kuandikia oda tu. Nikamweleza kwamba kumbukumbu ya kompyuta, ile wanayoiita RAM, ni kama meza yake ya kukatia vitambaa. Ikiwa finyu, kila kitu kinaanguka. Ikiwa pana, unatandaza kazi zote pamoja.

Mama alielewa papo hapo. Alisema meza finyu imemtesa miaka yote.

Dada akauliza, "Na mikasi, Profesa? Ni mingapi?"

Nikamwambia asilete utani kwenye mazungumzo ya maana. Ana wivu tu.

Jana alinikuta nasoma kuhusu prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, akasema mimi ndiye mtu pekee anayesoma maelezo ya kitu ambacho hana.  Jibu zuri lilinijia baada ya chakula, lakini alikuwa ameshalala.

Alhamisi, 6 Juni

Dukani. Muuzaji ni kijana mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso, hata anapoitafuta. Alituambia tusibabaishwe na maboksi yenye taa za rangi. Taa hazifanyi kazi yoyote. Kwa kazi nyingi kwa pamoja, alisema, angalia RAM ya gigabaiti kumi na sita, diski ile ya kisasa ya SSD, na prosesa ya kawaida. Iliyotumika ofisini inatosha, na haiumizi mfuko.

Yote hayo nilikuwa nimeyasoma. Niliitikia kwa kichwa kila neno mpaka shingo ikauma.

Kisha akaharibu. Aliuliza watumiaji ni wangapi. Wanne. Akasema kwa pesa ileile anaweza kutupatia mbili ndogo, zenye kasi ya chini.

Mama akanigeukia.  Mbili dhaifu! Nikasema, kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi, kwamba ndogo mbili ni udhaifu mara mbili.

"Haya," mama akasema. "Msomi ni wewe."

Kichwa kilinivimba mpaka nyumbani. Nimelibeba boksi mwenyewe. Mgongo umekufa.

Ijumaa, 7 Juni

Inaruka! Nilifungua oda za mama, video ya dada, simu ya bibi kwa mjomba na ukurasa wangu mweupe. Vyote pamoja. Haikukwama hata kidogo! Nikawaita wote. Nikatangaza kwamba kuanzia leo zamu zimekwisha, kila mtu aendelee na kazi yake.

Wakaja. Wakasimama.

Kiti kimoja. Kibodi moja. Kipanya kimoja.



Dada akauliza kama tutaandika kwa zamu ya herufi, yeye achukue A mpaka F. Mama alicheka mpaka akaketi juu ya sare za watu. Bibi hakucheka, alikalia kiti, kwa sababu ya miguu yake. Mjomba alikuwa kwenye kioo mpaka chakula cha jioni.

Neno hata moja sijachapa.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi oda za mama. Mchana dada. Nikadokeza kwamba nina insha ya shule. Dada akanigusa paji la uso, akauliza, "Insha Jumamosi? Unaumwa?"

Jioni nikapata ujanja mwingine. Nikagawa kioo katikati: mjomba kushoto kwa bibi, riwaya kulia kwangu. Kitaalamu, safi kabisa! Nikavuta kigoda. Lakini mjomba akasikia kibodi, akauliza ni nani huyo, mbona hasalimii, shule inaendeleaje, hesabu je?

Nimesoma nilichochapa. "Muuaji alifungua mlango polepole, akasema shikamoo mjomba, hesabu naendelea nazo vizuri."

Nimefuta. Nimebaki na jina la riwaya tu.

Jumapili, 9 Juni

Niliamka alfajiri, kabla ya wote. Bibi hulala sebuleni. Mashine ilipolia kuwaka, akaruka kitandani akidhani ni mjomba, akaanza kujifunga kilemba. Nikamwambia siye. Akasema basi tumpigie, maana ameshajifunga. Mjomba alipokea akihema, akauliza nani amekufa. Maelezo yalichukua asubuhi nzima.

Adhuhuri mama akanikuta nimekaa kwenye kigoda nikikitazama kiti. Akachuchumaa. Akasema polepole, "Mwanangu, kuna kitu unakihitaji kwenye hii mashine. Sema tu. Nitawatoa wote humu ndani. Na dada yako anachapa kama mvua, atakusaidia. Hataki, atataka."

Muda ulikuwepo! Dada angeweza kuimaliza. Nimemwona akiandika ujumbe kwa simu, vidole havionekani.

Lakini muuaji katika riwaya yangu ni mama anayeshona sare za shule. Na maiti ya kwanza ni dada.

Nikasema, "Sina kitu, mama. Nilikuwa napumzika tu."

Akanitazama sana. Akanishika kichwa, akarudi kwenye cherehani. Dada akakalia kiti.

Saa kumi imepita. Nililia kidogo chooni, nikafungulia maji ili nisisikike. Bibi akagonga, akasema tusimwage maji.

Nimetafakari kwa makini kosa lilikuwa wapi. Ni kioo. Kimoja hakitoshi watu wanne.

Nikanawa uso, nikavaa viatu, nikaenda dukani kabla hawajafunga. Nikamuuliza muuzaji kama ile mashine inakubali kioo cha pili. Akasema inakubali hata vitatu. Nikamwomba aniwekee kando kikubwa kuliko vyote. Nikarudi nyumbani, nikamwambia mama kwamba kwa usalama wa oda zake, tunahitaji kioo cha pili.